Kwa Nini Mti wa Shangazi Yako Hauzai

Mwanangu Rahma,

Nakusikia huko juu unafunga sanduku, unalifungua, unalifunga tena. Sipandi kukusaidia. Habari za koti, za dawa ya kifua, za kunipigia simu kila Ijumaa, nimekwisha kuzisema mpaka tumechoka sote wawili. Barua hii ni ya jambo jingine. Naiandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua utaisoma polepole, ukitembeza kidole kama ulivyokuwa ukisoma juzuu, nami nataka uisome polepole. Nikikusimulia kwa mdomo utanijibu kwa Kiingereza kwamba si neno, yamepita. Sitaki kuambiwa yamepita.

Ndani ya mfuko wa buluu, chini ya viatu vyako, nimetia vijiti sita nilivyovifunga kwa gazeti lililolowa maji. Usivitupe ukadhani ni takataka. Ni vya vizabibu vyekundu, kama mti wetu uliopo nyuma ya nyumba. Waingereza wanaviita redikaranti. Kiswahili hakina jina lao, maana kwetu havioti, basi sisi tukaviita vizabibu ingawa si zabibu. Huko Aberdeen vitapenda. Ni mti wa baridi, unataka kulala usingizi mzito ndipo uzae. Nitakwambia mwishoni jinsi ya kuvipanda. Kwanza nikwambie mti wetu ulikotoka, maana hadithi uliyoisikia, kwamba niliununua sokoni, ni uongo wangu.

Siku zako za kwanza duniani uliziishi Harrow, nyumbani kwa shangazi yako Zuhura, dada mkubwa wa baba yako. Tulikuwa tumefika nchi hii na mabegi mawili na tumbo langu. Shangazi yako alikuwa ametutangulia miaka mingi, ana nyumba, ana mume, ana mashine ya kufulia. Alitupa chumba cha nyuma. Dirisha langu lilitazama uani, na chini ya dirisha palikuwa na kichaka kilichoachwa na bibi wa Kiingereza aliyeuza nyumba ile. Shangazi yako hakujua ni mti gani. Aliuita tunda la ndege.

Ulipozaliwa nilikaa ndani, kama desturi, nikingoja arobaini yangu. Sina la kumsingizia: siku za mwanzo alinikanda, akanipikia uji wa pilipili manga, akakuogesha yeye mwenyewe. Kwa hiyo lililofuata liliuma zaidi. Siku ya ishirini na sita bangili yake ya dhahabu haikuonekana.

"Bangili haina miguu, wifi," aliniambia, amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Sijaiona, wifi."

"Humu ndani tuko wangapi? Mimi, mume wangu, ndugu yangu niliyenyonya naye ziwa moja. Na wewe."

Nikanyamaza. Nilidhani kunyamaza ni heshima. Yeye akaona ni ushahidi.

"Mshamba ni mshamba hata umlete London kwa ndege," akasema. "Nyinyi mmelelewa na mikarafuu, hamkulelewa na watu."

Baba yako alikuwa kazini, anaosha vyombo hotelini. Aliporudi alikuta mabegi yetu mawili njiani mbele ya nyumba, na mimi nimesimama pembeni yake na wewe ndani ya shali. Arobaini yangu haikutimia, Rahma. Nilitolewa nje Novemba, mvua inanyesha, maziwa yananitoka. Sijawahi kukwambia hili. Wewe, ulipokua, ulikuwa ukirudi kutoka kwake na visheti ndani ya kopo, ukisema shangazi mtamu, nami nikiosha kopo.

Pale njiani palikuwa na rundo la vijiti. Mume wake alikuwa ameukata ule mti upande mmoja asubuhi ile ili apitishe kamba ya kuanikia. Niliinama nikachukua vitatu, nikavitia ndani ya shali pamoja nawe. Baba yako akaniuliza ni vya nini. Nikamwambia, dada yako kaniita mwizi, sipendi aonekane mwongo.

Huo ndio mwanzo wa mti wetu. Niliuiba.

Tulipata chumba kimoja Wembley. Nilivichomeka vile vijiti katika kopo la rangi, nikaliweka dirishani. Kimoja kilikufa. Viwili vikatoa majani wakati wewe unatoa jino la kwanza. Kabla ya hapo lakini, wiki mbili baada ya kufukuzwa, bangili ilipatikana. Ilikuwa imenasa ndani ya ule mpira wa mlango wa mashine ya kufulia. Shangazi yako hakuja. Hakupiga simu. Alimpa baba yako sahani ya biriani, imefunikwa vizuri, kuku amekaangwa, zabibu juu. Hakutuma hata neno moja.

Unajua kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Hata ukiwa huna kitu utaweka ndimu, utaweka konzi ya mchele, utaweka chumvi. Mimi niliiosha, nikaikausha, nikampa baba yako airudishe.

"Weka japo ndimu mbili, Mama Rahma," alisema.

"Ndimu zimekwisha."

Zilikuwa kapuni mbele yake, anaziona. Aliichukua sahani akaenda. Aliporudi alilala akinipa mgongo. Mimi nililala usingizi mzuri kuliko siku zote tangu nifike nchi hii. Nakwambia hivi ili usije ukadhani kisasi hakina ladha. Kinayo. Watu wanaosema ni kichungu hawajawahi kukionja kikiwa kipya.

Tulipopata nyumba hii nikaihamishia ile miche ardhini. Hapo nikafanya kosa la Kipemba kabisa. Kwetu mkarafuu haukatwi. Baba yangu alikuwa akituchapa tukivunja tawi wakati wa kuchuma, hata liwe jembamba kama kidole. Basi miaka mitano sikuugusa mti wangu na chuma. Ukawa msitu. Majani yakafanya ukungu mweupe, matunda yakawa manne matano kwenye kikonyo, nayo yanaoza kabla hayajaiva. Nilidhani mti umekataa ardhi ya wizi.

Aliyenifundisha ni Bi Margaret, mmoja wa vikongwe niliokuwa nikiwavisha soksi nyumba ya wazee. Mimi niliyekuwa nasomesha jiografia Wete, ninayejua mvua za nchi zote, sikujua mti mmoja wa nyuma ya nyumba yangu. Nilimwonesha jani. Akacheka mpaka meno yakamtoka.

"Mpenzi, umeuacha ukafuga nywele," alisema. Akanieleza kwamba kuna vizabibu vyekundu na kuna vyeusi, na watu huvichanganya. Vyeusi huzaa kwenye kijiti cha mwaka jana, kwa hiyo hukatwa mpaka chini ili vije vijiti vipya. Vyekundu huzaa kwenye mti mzima, pale tawi la zamani linapokutana na jipya. Ukivikata mpaka chini unakata matunda ya mwakani na ya mwaka wa tatu. Unatakiwa ufungue katikati, upate nafasi ya kupitisha mkono, upunguze ncha, basi.

Nilifanya hivyo. Julai ya pili mti ukaja mwekundu mpaka watu wa ghorofani ng'ambo ya pili wakawa wanachungulia. Na hapo mikono yangu ikakumbuka kazi yake. Vizabibu hivi havichumwi kimoja kimoja, huchumwa na kikonyo chake kama karafuu, kisha ukakaa ukachambua, tunda huku, konyo huku. Wewe ulikuwa ukikaa mkekani pamoja nami ukichambua moja na kula tatu, ukikunja uso kwa uchachu.

Nilitengeneza achari. Chumvi, tangawizi, kitunguu thumu, pilipili mbuzi, siki kidogo. Uchachu wake uko baina ya embe mbichi na ukwaju, na rangi yake hakuna tunda la kwetu linaloifikia. Kumbukumbu za harusi nyingi za Wembley unazo wewe mwenyewe, ila hukuwa unaangalia nilichokuwa nikiangalia mimi. Miaka yote achari ya harusi ilikuwa ya Bi Zuhura, ndimu zake za kukausha juani. Mwaka ule niliweka bakuli langu karibu na lake, nikakaa mahali ninapoyaona yote mawili. Langu lilikwisha kabla ya pilau kufika meza ya tatu.

"Hii nyekundu ya nani?" wakauliza.

"Ya Mama Rahma."

"Mama Rahma, umetia nini humu? Tuambie, usitufanyie uchoyo."

"Nimetia vya kwenye ua wa wifi yangu," nikasema, nikimtazama. "Yeye anawapa ndege."

Wakacheka. Yeye akacheka pia, maana angefanya nini mbele ya watu. Lakini baadaye alinifuata jikoni, akanishika kiwiko. Tulikuwa tukisalimiana, ndiyo, misibani na harusini, kama watu wenye akili. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Wifi, mbona wangu umejaa matawi tu, unazaa vichache vidogo vidogo? Nifanyeje?"

Rahma, ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu tangu njia ile ya mvua. Sikuwa nimepanga kitu. Neno lilitoka lenyewe, limeiva.

"Ukate mpaka chini," nikamwambia. "Kila Novemba, majani yakishapukutika. Usiache hata kijiti kimoja."

"Mpaka chini kabisa?"

"Usawa wa ardhi, wifi. Ndivyo ninavyofanya mimi."

"Magoti yangu hayakubali kuinama."

"Nitakuletea Rahma."

Sasa unajua. Ule mkasi wenye mpini mwekundu niliokupa, na safari zile za treni ya Metropolitan kila Novemba tangu una miaka kumi na mitatu, hata ulipokuwa chuo ukija kwa ajili ya hilo tu, ulikuwa ukienda kuua matunda ya shangazi yako. Kila majira ya kuchipua mti ulitoa vijiti vipya, virefu, vimenyooka kama njiti za fagio, na majani mazuri. Kila Julai hapakuwa na kitu. Nilikuwa nikikuuliza ukirudi: mti wake unaendeleaje? Na wewe ukisema kwa huruma: umekua sana, mama, lakini hauzai, maskini. Nilikuwa nikikuuliza ili nisikie neno hilo. Mwaka mmoja nilikuuliza mara mbili.

Baba yako alitambua. Mtoto wa mjini yule, hajui mche na magugu, lakini alitambua. Kiangazi kimoja alitoka Harrow akakaa kwenye kiti chake bila kuvua viatu.

"Mti wa Zuhura una majani kama kitalu," alisema. "Hakuna hata tunda moja."

"Labda ardhi."

"Ardhi ndiyo ileile uliyochukulia vijiti."

Nikaendelea kukunja nguo.

"Mimi sikuulizi habari ya Zuhura," akasema. "Yeye na wewe mtajuana. Nakuuliza habari ya Rahma. Siku akijua, utamwambia alikuwa amebeba nini mkononi?"

 Alinipa nafasi ya kumjibu miaka minne, na kisha akafariki, na swali likabaki ndani ya nyumba hii pamoja na kiti chake. Hili ndilo kosa ninalokuandikia. Sikuandikii kuhusu uongo niliomwambia shangazi yako. Huo ningeusema tena leo, jikoni palepale. Kosa langu ni kwamba nilikuwa na chuki yangu mwenyewe, nzima, ya haki, nikamtuma mtoto aibebe kwa treni. Ulikwenda na mapenzi yako ukarudi na visheti. Mikono yako ilikuwa ikikwaruzika, nami nikiipaka mafuta.

Sitakwambia umsamehe mtu huko uendako. Watu watakufanyia uovu, wengine watakutazama kama nilivyotazamwa. Wako watakaostahili kulipwa. Mimi ninachojua ni hiki tu: nilipoirudisha ile sahani tupu, ilikuwa ni mimi na yeye. Nilipokutia wewe katikati, sikuweza tena kufurahi bila kutazama kando.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita, ulipokuwa ukiaga rafiki zako Peckham, nilikwenda Harrow mimi mwenyewe na ule mkasi.

Nilimkuta amekaa kiti cha jikoni karibu na mlango wa uani, blanketi magotini. Amekonda. Bangili ipo mkononi, ileile, imelegea inafika kiwiko akinyanyua kikombe.

"Rahma yuko wapi?"

"Anafunga mizigo. Anaondoka wiki ijayo."

"Kwa hiyo leo amekuja mwalimu mwenyewe." Akaashiria uani kwa kidevu. "Haya. Mpaka chini, kama ulivyonifundisha."

Nilipiga magoti mbele ya mti ule. Ndio mama wa mti wangu, na nilikuwa sijausogelea tangu siku ya mvua. Shina lake la chini limekuwa fundo la makovu, kovu juu ya kovu, kila moja ni Novemba moja ya kwako. Nilifungua mkasi. Nikaufunga.

"Mwaka huu tuuache," nikasema.

"Tuuache kwa nini?"

"Ukiukata hauzai."

Nataka ujue kwamba maneno hayo nilikuwa nimeyahifadhi. Nilikusudia nimwambie siku ya mwisho, akiwa kitandani, hana nguvu ya kujibu, aondoke nayo. Nilikuwa nimeyapigia mazoezi. Na sasa yamenitoka nikiwa nimepiga magoti kwenye tope lake, kama mtu anayeomba.

Yeye akacheka. Akakohoa, akacheka tena.

"Wifi, mimi nina jirani. Yule mzee wa Kigujarati wa Kampala, ana mti kama huu. Mwaka wa pili tu alinipigia kelele juu ya ua: dada, hivyo vyekundu, vyekundu havikatwi namna hiyo, nani amekudanganya? Nikamwambia, wifi yangu."

"Ulijua?"

"Tangu Rahma yuko shule."

"Na ukaendelea kukata?"

"Mti ungezaa, mtoto angekuja kufanya nini?" Alikuwa akiizungusha bangili, anaizungusha tu. "Ungeniletea wewe? Kwa hisani gani niliyokufanyia?"

Nilingoja. Nilisema moyoni, sasa atalisema, neno moja, limekaa kwenye ulimi wake miaka yote hii, na bangili yenyewe iko mkononi kumkumbusha. Nilimpa muda wa chai kupoa. Hakulisema. Aliniuliza kama Aberdeen kuna bahari.

Nilitoka pale nimeibiwa, Rahma. Miaka yote hii nilidhani ninamnyima, kumbe ninampelekea. Nilikuwa nikifurahia majani yake matupu, na yeye alikuwa akiyafurahia majani hayohayo, kwa sababu yake. Ndani ya treni nilikuwa na hasira mpaka nikapitiliza kituo. Bado ninayo ninapoandika. Sikuikuta huruma niliyodhani ningeikuta. Nimekuta kwamba ameshinda, na kwamba silaha aliyonishindia ni mwanangu, niliyempa mimi.

Mti nimeuacha mzima, ila vijiti vinne tu. Julai utakuta vichache, chini chini ya vijiti vya mwaka huu. Mavuno yenyewe ni mwaka wa tatu, maana mti huo huzaa kwenye uzee wake. Shangazi yako sijui kama anayo miaka mitatu. Hilo nalijua, na sikulipanga, na siwezi kulirudisha.

Vijiti vyako sasa. Vipande sita, kila kimoja kirefu kama kutoka kiwiko chako mpaka vidoleni. Ng'oa macho yote ya chini, yale yanayochipua, uache manne ya juu, ili mti usimame kwa mguu mmoja usije ukawa msitu. Chomeka nusu yake ardhini wiki hii hii, kabla ardhi haijaganda. Ukiwa huna ua, kopo la rangi linatosha. Viwili nilivikata kwetu. Vinne nilivikata Jumamosi kwa shangazi yako, naye anatazama, nami nikamwomba kwanza. Alisema, chukua. Hivyo vinne si vya wizi. Nimevifunga kwa uzi mweupe uvijue.

Lipo jambo la mwisho. Nilipokuwa naondoka alinipa sahani, imefunikwa kwa karatasi ya fedha. "Visheti vya safari ya Rahma," alisema. Visheti vimo ndani ya mfuko wako. Sahani ninayo hapa mezani, nimekwisha kuiosha. Ni ileile ya biriani. Nimeitambua kwa ule ufa wake wa ukingoni.

Ndimu zipo kapuni. Nimezitazama jioni nzima na sijaweka hata moja. Sahani itangoja mpaka Julai. Utakapokuja utachuma vile vichache vya kwake na vingi vya kwetu, tutaijaza, na utaipeleka Harrow wewe, kama zamani. Neno lake la bangili bado nalidai, na mimi ni mtu wa kungoja. Lakini safari hii utakapopanda treni, utakuwa unajua ulichobeba.

Mama yako